Malezi ya mtoto mwenye usonji

Malezi ya mtoto mwenye usonji ni matunzo anayopewa mtoto ambaye ubongo wake hukua kwa namna tofauti, hasa katika mawasiliano, mahusiano na tabia. Usonji hauambukizi, wala hausababishwi na laana, chanjo au malezi mabaya.

==Dalili==
Dalili huonekana mara nyingi kabla ya umri wa miaka 3. Mtoto haitikii anapoitwa, haonyeshi vitu kwa kidole, huchelewa kusema au hupoteza maneno aliyokwisha kuyajua. Majirani wengine humdhania kiziwi au mtukutu.

==Lawama kwa mama==
Leo Kanner alieleza hali hiyo nchini Marekani mwaka 1943, akiwa na mifano ya watoto 11. Baadaye wataalamu kadhaa walidai kwamba chanzo ni mama asiye na upendo. Utafiti ulikanusha dai hilo, lakini lawama bado huwafikia akina mama wengi.

==Nyumbani==
Ratiba isiyobadilikabadilika, sentensi fupi na picha humsaidia mtoto kuelewa. Akilia kwa sababu ya kelele, kama honi za daladala au muziki wa jirani, apelekwe mahali patulivu. Kumchapa humzidishia hofu.

==Tanzania==
Jijini Dar es Salaam uchunguzi hufanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala, ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Kwa familia za pembezoni, mzazi hulazimika kumsindikiza mtoto kila siku, jambo linalopunguza muda wa kutafuta riziki.