Kiwanja Kilichoingiwa na Sumu: Kukisafisha, Kuhakikisha Usalama Wake na Hukmu Zake





Swali hili hutujia kwa sura mbalimbali, na mara nyingi linahusu Tanga, kwani familia nyingi za Pemba na Unguja zina ndugu ng'ambo ile. Mtu anauziwa kiwanja Raskazone au mtaa wa jirani, au anapewa kiwanja kiwe waqfu wa madrasa. Baadaye anasikia kuwa pale zamani palikuwa gereji, au ghala la mafuta, au pahala pa kuyeyushia betri za gari. Muuzaji anasema pamefagiliwa, pamemwagwa maji, na mchanga mpya umetiwa juu. Je, yatosha kujenga na watoto wakacheza hapo?

Jibu kwa ufupi ni kuwa haitoshi. Ufafanuzi unafuata.

Twahara ni jambo moja, usalama ni jambo jingine

Wengi wetu tumesoma madrasa kisa cha bedui aliyekojoa msikitini, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akaamrisha imwagwe ndoo ya maji pale. Hadithi hiyo wameipokea Al-Bukhaariy na Muslim, na ndiyo msingi wa Mashafi'i katika kutwaharisha ardhi: najisi ya majimaji ikishanywewa na udongo, maji yakamiminwa yakaifunika, pametwaharika. Mahanafi wameongeza kuwa ardhi hutwaharika ikikauka na athari ya najisi ikaondoka.

Sasa tazameni. Mafuta ya petroli, vumbi la risasi na dawa ya DDT si najisi kwa rai iliyo mashuhuri. Mtu akiswali juu ya udongo huo Swalah yake ni sahihi. Lakini mtoto akiutia mkononi kisha mdomoni, anakula sumu. Na Mafuqahaa wa madhehebu yetu wamekataza kula chenye kudhuru hata kikiwa twahara, wakataja sumu na udongo kwa majina yake. Ndoo ya maji inayoondosha mkojo haiondoshi risasi. Huisukuma chini tu, na kwa Raskazone chini ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, kwa hiyo kinachomwagika juu hakichukui muda kufika kisimani na baharini.

Yaliyotokea Vikuge

Mfano ulio wazi kabisa nchini mwetu ni shamba la serikali la Vikuge, mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 ililetwa hapo shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki kama msaada, nyingi yake DDT, na sehemu yake ilikuwa imekwisha muda. Ikawekwa kwenye banda la wazi, banda likaanguka, mvua ikaingia. Katika miaka ya 1990 mabaki yaliyoonekana yalikusanywa na kuondoshwa. Kwa jicho la mpita njia pakawa pasafi.

Watafiti walipokwenda kuchukua udongo na kuupima, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha udongo wa juu wenye DDT kufikia asilimia 28. Yaani zaidi ya robo ya kile kilichoitwa udongo kilikuwa dawa. Usafishaji ulifanyika kweli, hatukatai, ila uliondosha magunia na kuacha sumu ndani ya ardhi. Mkoani Tanga kwenyewe, Korogwe ya Zamani, nako lilikuwepo ghala la viuatilifu vya namna hii ambalo udongo wake umechunguzwa na wanasayansi wetu. Basi mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya mbali.

Na yaliyotokea Owino Uhuru

Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi hadi kikafungwa mwaka 2014. Risasi ikaingia katika vumbi, mabati ya mapaa na damu za watoto. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikaamuru udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne. Kesi ikapanda rufaa, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia ile. Zingatieni tarehe hizo: kiwanda kufungwa ilikuwa ni siku moja, na miaka kumi baadaye watu walikuwa bado mahakamani. Risasi haiozi. Itakaa hapo mpaka mtu aichimbe aitoe.

Namna ya kufanya kwa kiwanja cha Raskazone

Kwanza, kabla ya chepeo, ni kuuliza. Wazee wa mtaa wanajua palikuwa na nini, na jina la pahala mara nyingine hutoa siri. Aulizwe nani alimiliki, palihifadhiwa nini, tangi la mafuta lilizikwa upande gani, betri zilipasuliwa chini ya mti upi. Kwenye mashamba ya ng'ombe ya Tanga aulizie josho la zamani, kwani majosho ya enzi za ukoloni yalitiwa dawa yenye aseniki. (Na kwa kuwa wanajeshi wa Uingereza kutoka India waliteremka katika rasi hiyo hiyo ya Raskazone Novemba 1914, mwenye kuchimba akakuta chuma mfano wa kombora asikiguse, awaite polisi.)

Pili ni kupima, na hapa ndipo watu hudanganyika. Mtu huchukua gao moja la udongo kutoka pahala palipomvutia, akalipeleka maabara, akarudi na karatasi. Hiyo si dalili ya kitu. Kiwanja kigawanywe miraba, kila mraba utolewe udongo wa juu, kama sentimita 15 za mwanzo ambazo watoto hugusa, na pahala penye shaka patolewe pia udongo wa chini zaidi. Utolewe na udongo wa kulinganishia kutoka nje, pahala ambapo hapakuwa na kazi hiyo. Kama kuna kisima, maji nayo yapimwe. Na udongo wa doa jeusi usichanganywe na udongo safi wa pembeni kisha ukapimwa pamoja, maana sumu itazama ndani ya wastani. Maabara iambiwe hasa itafute nini: mafuta, risasi, au dawa ya wadudu. Maabara haitafuti isichoambiwa.

Tatu ni kusafisha, na njia hutegemea sumu. Udongo wa dizeli unaweza kutandazwa juu ya plastiki nene, ukatiwa samadi na maji kidogo na kupinduliwa kwa miezi. Vijidudu vya udongo huyala mafuta hayo. Kwa risasi njia hiyo ni bure, dawa yake ni kuchimba na kupeleka panaporuhusiwa, au kufunika kwa tabaka nene lisilochimbwa na kuandika katika hati kuwa chini pana nini. DDT haichomwi uani kwa mafuta ya taa. Moshi wake ni balaa jingine, na viuatilifu hivyo huteketezwa kwenye tanuri maalumu tu. Vilevile udongo uliochimbwa usigaiwe watu kujazia misingi, jambo tunaloliona sana kwa kifusi cha kila aina.

Nne ni kuhakikisha. Shimo likishachimbwa, kabla ya kufukiwa, zichukuliwe sampuli mpya kutoka sakafu yake na kuta zake, na achukue asiyekuwa yule aliyelipwa kusafisha. Ikiwa sakafu bado ina sumu, huchimbwa tena. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na wa kuulizwa ni mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira na Mkemia Mkuu wa Serikali. Zanzibar ni ZEMA, kwa Sheria Namba 3 ya 2015. Kwa kulinganisha, Marekani ilishusha mwaka 2024 kiwango cha risasi katika udongo wa makaazi kutoka 400 hadi 200 kwa milioni. Kilichohesabiwa salama jana, leo kimeonekana kingi.

Familia iliyokwishakaa hapo isingojee udongo. Watoto na wajawazito wapimwe damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondoshwe.

Hukmu zinazofungamana

Kuuza: Sumu ardhini ni aibu ya bidhaa, na muuzaji anayeijua analazimika kuitaja. Mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kurudisha, lakini kwa Mashafi'i afanye hima. Akijua kisha akaendelea kujenga, haki imempotea. Sharti la "nauza kama kilivyo, sihusiki na aibu" halimsaidii muuzaji wa ardhi, kwani kauli yenye nguvu katika madhehebu inalikubali kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua.

Tayammum: Vumbi lililochanganyika na unga au mfano wake halitoshi kwa Mashafi'i. Tunaona vumbi lenye dawa ya wadudu au unga wa risasi linaingia humo, na juu ya hapo lina madhara, nayo madhara ni sababu ya kuacha hata maji. Basi litafutwe vumbi jingine.

Waqfu: Msimamizi asipokee kiwanja kwa haya ya kumuuliza mtoaji. Aombe majibu ya maabara kwanza, na gharama ya kusafisha ijulikane itatoka wapi kabla ya waqfu kutamkwa, kwani baada ya kutamkwa hakiuzwi.

Wa-Allaahu A'lam.