Sadfa na nasibu

Wengi huyachukulia maneno haya kama pacha. Matatu ya kutoka Ahero na ya kutoka Kendu Bay zikifika pamoja kwenye njia panda ya Katito, hiyo ni sadfa: kila dereva ana sababu iliyomchelewesha, na anayezijua zote mbili hashangai. Nasibu ningeiwekea tukio lisilo na sababu yoyote iliyojificha nyuma yake.

Wanafizikia wa kwanta wamegombana hapohapo: je, matokeo ya kupima chembe ni sadfa au nasibu? Mwaka 1952 David Bohm alitoa nadharia ya vigeu fiche: chembe ina mahali halisi, ila sisi hatupajui. Kwake, basi, ni sadfa tupu. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba vigeu fiche visivyoathiriana papo hapo kwa mbali, na mpimaji akiwa huru kuchagua kipimo, vina kikomo ambacho kwanta hukivuka. Majaribio yalikivuka kweli. Kwa majaribio hayo Aspect, Clauser na Zeilinger wakapewa Nobel mwaka 2022.

Magazeti yakaandika kwamba nasibu imethibitishwa. Haraka hiyo! Bohm bado amesimama, maana athari ya mbali imo ndani ya nadharia yake tangu mwanzo. Walioanguka ni wanaotaka sababu za jirani kwa jirani tu, tena ukikubali kwamba mpimaji yuko huru.