Asili ya Usemi "Sina Hata Hela"

Hapa Mkwajuni, mtu aliyeshinda machimboni asione hata chembe ya dhahabu hurudi jioni akisema, "Sina hata hela." Naye mwenye mali husifiwa, "Ana hela huyo!" Sisi wenyewe tulisema hivyo miaka mingi, tusijue kuwa sifa hiyo yachekesha.

Hela ni Heller ya Wajerumani, sarafu iliyopewa jina la mji wao wa Hall. Ililetwa huku mwaka 1904, hela 100 kwa rupia 1. Tena palikuwa na nusu hela! Kabla yake zilitumika pesa za shaba, 64 kwa rupia. Basi pesa na hela zote zilikuwa fedha ndogo ndogo tu.

Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuamriwa tangu 1898, na asiye na fedha alilipa kwa jasho lake. Aliyesema "sina hata hela" mbele ya mtoza kodi hakuwa akitania.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza wakaleta shilingi, rupia ikaondoka. Hela, ile sehemu ya mia, jina lake likabaki, na leo twaitaja kwa mamilioni.