Mtepe, Chombo cha Kushonwa

Fundi wa mtepe hakuhitaji msumari. Alikuwa na shoka, tezo, keke ya kutobolea mbao na mafungu ya kamba za makumbi, makumbi yaliyofukiwa ufuoni mpaka yakalainika, yakapondwa na kusokotwa. Ubao ulitobolewa matundu ukingoni, ukaunganishwa na mwenzake, kisha kamba ikapitishwa huku na huku na kukazwa. Mwisho kila tundu liligongewa kijiti, kamba isilegee na maji yasipenye.

Kazi hiyo ni ya kale. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja mji wa Rhapta, pwani ya Afrika Mashariki, na kusema jina lake limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mwaka 1498, watu wa Vasco da Gama walikuta vyombo vya namna hiyo Kisiwa cha Msumbiji: vikubwa, bila msumari hata mmoja.

Kwa nini kamba, ilhali chuma kilijulikana? Mabaharia wa zamani walisimuliana habari za miamba ya sumaku inayong'oa misumari baharini. Porojo tupu. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa karibu mwaka 1331, alikuwa na sababu nzito zaidi: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, cha kamba hunepa kikapona. Marco Polo aliviona vyombo vya kushonwa kule Hormuz na hakuvipenda hata kidogo. Aliandika kwamba vingi huzama. Hakuna aliyekosea. Kiungo kinachonepa huvuja pia, na mabaharia wa mtepe walikuwa na kazi isiyokwisha ya kufua maji ya ngama.

Mitepe ya mwisho iliundwa na Wabajuni na watu wa Pate. Ilichukua boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Zanzibar, ikisukumwa na tanga la mraba la mkeka. Misumari ilipopatikana kwa wingi, jahazi likaichukua kazi hiyo, na kabla ya katikati ya karne ya 20 mtepe ulikuwa umetoweka.

Mtepe mmoja uliundwa upya Zanzibar na kuwekwa Beit al-Ajaib, jengo lililoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Anayetaka kuona mishono hiyo leo, aanzie Makumbusho ya Lamu, kwenye mifano midogo ya mtepe.