Umahiri wa kitamaduni katika unasihi wa wakimbizi

Umahiri wa kitamaduni katika unasihi ni uwezo wa mnasihi kumsaidia mtu wa asili, lugha au dini nyingine bila kumpima kwa desturi zake mwenyewe. Njia mojawapo ya kuupata ni kuhudumia wakimbizi chini ya uangalizi wa mnasihi mzoefu.

Dhana

Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani Derald Wing Sue, Patricia Arredondo na Roderick McDavis walichapisha viwango vya unasihi wa tamaduni nyingi. Viwango hivyo vinahusu mambo matatu: mnasihi kujitambua, kuujua ulimwengu wa mteja wake, na kuwa na stadi zinazomfaa mteja huyo.

Lugha

Katika Afrika ya Mashariki mnasihi na mkimbizi huweza kuzungumza lugha moja wasielewane. Kiswahili cha Kivu, kwa mfano, kina maneno mengi ya Kifaransa, na "watu" huweza kuwa "batu". Mtu anayesema ana "mawazo mengi" au moyo mzito huenda anaeleza ugonjwa, msiba au njaa. Mnasihi hufundishwa kuuliza maana badala ya kudhani ameelewa.

Dar es Salaam

Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 huwataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanaoishi jijini huficha asili yao. Marc Sommers alieleza maisha ya vijana wa Burundi waliojificha jijini wakifanya kazi ya ushonaji katika kitabu Fear in Bongoland (2001). Katika kata kama Gerezani na Kariakoo, "kwenu wapi?" ni swali la kawaida la kujuana, lakini kwa mkimbizi linaweza kusikika kama la afisa uhamiaji. Mnasihi anapaswa kueleza kwanza nani atasoma maelezo anayoandika.

Mafunzo kambini

Katika makazi ya Nakivale, Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz waliwafunza wakimbizi wasio wataalamu kwa wiki sita ili wawatibu wenzao kutoka Rwanda na Somalia. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusisha watu 277, na waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu.

Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, mradi wa Nguvu ulishirikisha Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wanawake wa Kongo waliofanyiwa ukatili na wenzi wao walikutana katika vikundi kwa vipindi vinane.

Tahadhari

Kujua desturi za kabila hakutoshi kumjua mtu. Mkalimani wa jamii moja na mteja anaweza kuwa jirani yake, au mtu wa upande uliomfukuza kwao, hivyo mteja huulizwa kabla ya kuletewa. Vilevile mkimbizi anayepokelewa na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa hivyo na kukataa bila kunyimwa huduma.