Paa Jeupe na Hesabu ya Joto

Kupaka nyumba chokaa ni desturi ya kale katika nchi nyingi za jua kali, tangu visiwa vya Ugiriki hata pwani ya Afrika Mashariki. Iwe ilianzishwa kwa usafi au kwa uzuri, chokaa hurudisha jua na kupunguza joto la nyumba. Miji ya Marekani katika karne ya 20 ilifuata njia nyingine: mapaa bapa ya majengo yake aghalabu yalifunikwa kwa lami nyeusi. Mashine za kupoza hewa zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wakaona ni rahisi kulilipia joto la paa kuliko kulizuia. Paa jeusi hurudisha kama sehemu 5 hadi 10 tu kati ya 100 za nuru ya jua. Paa jeupe jipya hurudisha kama 80.

Mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Arthur Rosenfeld, mwanafizikia wa California aliyepata kuwa mwanafunzi wa Fermi, akaacha uchunguzi wa chembe za atomu, akageukia matumizi ya nishati. Katika miaka ya 1980, katika maabara ya Berkeley, yeye na Hashem Akbari pamoja na wenzao wakachunguza joto la miji. Vipimo vilionyesha kwamba paa jeupe hupunguza umeme wa kupozea, hasa alasiri, wakati mahitaji yafikapo kilele. Mwaka 2005 kanuni za ujenzi za California zikayaingiza mapaa ya namna hiyo kwa majengo ya biashara yenye mapaa bapa.

Lakini hesabu ya umeme humhesabu mwenye mashine tu. Julai 1995 joto kali liliupiga mji wa Chicago, wakafa watu zaidi ya 700, wengi wao wazee na maskini. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wakaao orofa ya juu kabisa walikuwa katika hatari zaidi. Kwa mtu asiye na mashine ya kupoza, paa jeupe haliokoi umeme wowote. Humpunguzia joto lenyewe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala daftari la ankara halimjui asiyekuwa na cha kulipa.

Ni kweli kwamba wakati wa baridi paa hilo huzuia joto lenye manufaa, na katika nchi za baridi faida yake yaweza kutoweka. Hesabu hiyo nayo ni ya haki. Lakini katika miji ya joto, mpimaji aandikaye faida ya paa katika safu ya umeme peke yake ameandika nusu ya habari.