Ukingo wa Chumba: Ngozi, Baraza na Kioo katika Historia ya Ujenzi wa Ujiji na Kigoma

1.0 Utangulizi

Wasanifu majengo wa nchi za baridi wanapobuni chumba chenye madirisha ya kioo yanayoanzia sakafuni hadi darini, swali mojawapo la mwanzo huwa mahali pa kuweka joto. Jibu lililozoeleka ni kuliweka ukingoni: mfereji mwembamba huachwa ndani ya sakafu sambamba na kioo, bomba la maji moto lenye mapezi ya chuma hulazwa humo, na juu yake huwekwa wavu. Kwa mtazamo wa kwanza, jambo hili halina uhusiano na Kigoma, mji ulio karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kando ya ziwa ambalo uso wake uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari.

Insha hii inatetea hoja kwamba uhusiano huo upo. Kipasha joto cha sakafuni ni jibu mojawapo la swali pana zaidi, nalo ni namna ya kumlinda mkaaji dhidi ya ukuta au kioo kinachotofautiana mno na joto la mwili wake. Swali hilo lilijibiwa Ujiji na Kigoma kwa vifaa vingine. Kuyasahau majibu hayo, kama inavyoonekana katika ujenzi wa sasa, kuna gharama.

2.0 Kanuni ya Ukingo

Mwili wa binadamu hubadilishana joto na hewa inayouzunguka, na vilevile na nyuso zilizo karibu nao bila hata kuzigusa. Mtu aketiye kando ya kioo baridi huhisi ubaridi ijapokuwa hewa ya chumba ina joto la kutosha. P. O. Fanger, katika kitabu chake kuhusu starehe ya joto kilichotolewa Copenhagen mwaka 1970, aliiingiza hali hii katika milinganyo, akilihesabu joto la nyuso pamoja na joto la hewa, unyevu, mwendo wa upepo, mavazi na kazi ya mwili.

Kioo baridi kina athari nyingine. Hewa inayokigusa hupoa, huwa nzito, hushuka na kutambaa sakafuni hadi miguuni mwa wakaaji. Zamani kipasha joto kiliwekwa chini ya kizingiti cha dirisha ili hewa moto inayopanda ikutane na ile baridi inayoshuka. Dirisha liliporefushwa hadi sakafuni, ukuta huo mfupi ulitoweka, na kipasha joto kikazama ndani ya sakafu. Ndiyo maana uamuzi wa kukitumia hutegemea kwanza ubora wa kioo. Kioo cha tabaka mbili au tatu hupunguza haja yake, na kioo cha tabaka moja huiongeza.

3.0 Ngozi ya Ujiji, 1871

Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya biashara kabla ya Burton na Speke kufika mwezi Februari 1858. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga humo matembe ya udongo yenye baraza mbele na mapenu mapana juu yake. Katika baraza la namna hiyo David Livingstone alimpokea Henry Morton Stanley mwezi Novemba 1871.

Katika kitabu chake cha mwaka 1872, Stanley anaeleza mahali alipoketi mwenyeji wake. Palikuwa na mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine iliyopigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo baridi. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na mengi aliyoyaandika yalikusudiwa kukuza sifa za safari yake. Hata hivyo, habari ya ngozi haimwongezei mtu yeyote sifa. Kwa sababu hiyo inaweza kuaminiwa zaidi kuliko maneno ya kusalimiana yaliyopata umaarufu baadaye.

Ushahidi huu mdogo una uzito. Ukuta mnene wa udongo hupata joto polepole na kulitoa polepole. Kivulini mwa penu hubaki baridi wakati hewa ya nje imekwisha kupata joto. Kwa mtu mwenye afya, hiyo ni neema. Kwa Livingstone, aliyekuwa amerejea kutoka Manyema akiwa mgonjwa na amedhoofu, neema hiyo ilizidi kiasi. Ukuta haukubadilishwa wala moto haukuwashwa. Ngozi moja iliwekwa baina ya mwili na uso baridi, mahali pale tu palipohitajika. Hiyo ndiyo mantiki ya kipasha joto cha ukingoni: kurekebisha mpaka wa chumba badala ya chumba kizima.

4.0 Matao ya Kigoma, 1914

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika ziwani mwezi Februari 1914. Kituo chake cha mwisho kiliwekwa Kigoma, yenye ghuba iliyofaa zaidi kwa bandari, na Ujiji ikapoteza nafasi yake ya awali. Wajerumani waliojenga stesheni walitoka katika nchi ambako ukingo wa chumba ni mahali pa baridi. Katika nyanda za juu kama Lushoto, nyumba za enzi ya ukoloni zilipewa meko ya ukutani. Kigoma tatizo liligeuka, na jibu likageuka pia: mbele ya kuta na madirisha ya stesheni ilijengwa safu ya matao yenye kivuli. Umbo lake ni la Kizungu, lakini kazi yake ni ileile ya baraza la Ujiji, kwani jua huzuiwa kabla halijaufikia ukuta.

5.0 Kioo Kinachotazama Magharibi

Ziwa liko magharibi mwa mji. Mandhari yanayotamaniwa na jua kali la alasiri huja, kwa hiyo, kutoka upande mmoja. Aidha, saa za Tanzania zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki ilhali Kigoma iko karibu na nyuzi 30. Hivyo jua huzama karibu na saa moja jioni, na miale yake ya chini hupenya hata penu pana. Baraza lenye kina, miti na mbao za dirisha zilisaidiana kuikinga miale hiyo.

Dirisha la kioo na alumini lisilo na baraza huondoa kinga zote hizo kwa pamoja. Kioo huruhusu mwanga wa jua kuingia, na joto linalozaliwa ndani halitoki kwa urahisi. Kinachofuata ni kiyoyozi, yaani mashine inayolipiwa kila mwezi ili kuondoa joto lililokaribishwa na jengo lenyewe. Katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kuanza kuufikia mwaka 2022, gharama hiyo si jambo la nadharia. Katika nchi za baridi, dirisha la kimo kizima lilienea pamoja na kifaa cha kulifidia. Kigoma limefika peke yake, na kile ambacho kingelifidia, yaani baraza, kimeachwa.

6.0 Hitimisho

Ngozi ya mbuzi, tao la stesheni na bomba la sakafuni ni vifaa vya asili tofauti vinavyoshiriki kazi moja. Historia ya ujenzi inayoyaweka mabaraza katika fungu la mila na vipasha joto katika fungu la teknolojia inaficha ushirika huo. Inamnyima pia msanifu wa leo kigezo cha kuchagua. Kwa upande wa Kigoma, kigezo hicho kinaelekeza kwamba upana wa baraza uamuliwe kabla ya kimo cha dirisha.